Entrepreneuse au entrepreneure? Jibu kwa mama anayesubiriwa na mchoraji wa vibao

Mama mmoja wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ameniandikia hivi: "Sisi ni akina mama kumi na wawili, tunashona nguo na kuuza vitenge. Tulianza kwa likelemba, yaani kuchangiana fedha kwa zamu, sasa tuna chumba chetu na tunataka kibao juu ya mlango. Mchoraji ameshachora kwa penseli FEMMES ENTERPRENEURS. Binti yangu anayesoma chuo kikuu anasema iwe 'Entrepreneures'. Katibu wetu anashikilia 'Entrepreneuses', ila wenzake wanaona neno hilo linasikika vibaya kwa mama mwenye heshima zake. Tena kwenye karatasi tulizopewa tulipojiandikisha, kila mmoja wetu ameandikwa 'entreprenant'. Je, walikosea? Neno hili limetoka wapi, na sisi tuliandikeje?"

Jambo, Mama. Kwa kuwa mchoraji anasubiri, natanguliza jibu. Andikeni ENTREPRENEUSES, yaani wajasiriamali wa kike. "Enterpreneurs" ni kosa, lifutwe kabla rangi haijagusa bati. "Entrepreneures" ya binti yako si kosa, huko Quebec wanaiandika kila siku, lakini mimi nisingeichagua kwa kibao chenu, na sababu nitazitoa. Neno "entreprenant" lililo kwenye karatasi zenu msiliguse kabisa. Halikukosewa, ni jambo jingine, nalo nitalifikia.

Asili yake kwanza. Neno hili limeunganishwa kutoka vipande viwili vya Kilatini vilivyopitia Kifaransa: "entre", yaani kati, na "prendre", yaani kushika au kutwaa. Kitenzi "entreprendre" kilikuwa kinatumika tayari katika karne ya 12, na siku hizo kilikuwa na ukali ndani yake: kukamata, kuvamia, kulitia jambo mkononi. Kutokana nacho likapatikana "entreprise", jambo lililoshikwa, na katika karne ya 13 likaja "entrepreneur", yule aliyelishika. Hapakuwa na duka wala faida ndani ya neno hilo. Mtu aliyejitwika jambo kubwa, la vita au la ujenzi, aliweza kuitwa hivyo.

Kufika karne ya 17 lilikuwa limeegemea upande wa ujenzi na kazi za mfalme. Mtu alipewa ngome au daraja ajenge kwa bei ya mapatano, akilimaliza kwa gharama ndogo faida ni yake, akizidiwa hasara ni yake vilevile. Maana hiyo iko hai hadi leo. Mfaransa akisema "entrepreneur" bila kuongeza neno, huenda anamfikiria mkandarasi wa majengo, na yule anayeshughulikia majeneza na mazishi huitwa "entrepreneur de pompes funèbres". Kwa hiyo mzee mmoja akisoma kibao chenu na kuuliza mnajenga nyumba za nani, msimcheke, ana msingi.

Aliyelisogeza neno mpaka likawafikia watu kama ninyi ni Richard Cantillon, mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi ya benki mjini Paris na kufariki London mwaka 1734. Kitabu chake juu ya asili ya biashara kilichapishwa kwa Kifaransa mwaka 1755, yeye akiwa kaburini zaidi ya miaka ishirini. Humo anawagawa watu wa nchi mafungu mawili: wenye ujira unaojulikana, na wanaoishi bila uhakika. Hao wa pili ndio anaowaita entrepreneurs. Ni wale wanaonunua kwa bei wanayoijua na kuuza kwa bei wasiyoijua. Anawataja mmojammoja, na orodha yake hunigusa kila ninapoirudia: mkulima, mfanyabiashara wa jumla, fundi, mbeba maji, na wanawake wa sindano, ambao hawana mtaji wowote ila mikono yao. Hata ombaomba kawaingiza humo.

Wanawake wa sindano, Mama! Mwaka 1755!

Chukua pièce moja ya kitenge, yadi zake sita. Asubuhi unailipia, na bei yake unaijua mpaka noti ya mwisho, kwa sababu umeihesabu mara mbili mbele ya muuzaji. Unaikata, unashona, unaipiga pasi, unaitundika mlangoni. Kuanzia hapo hujui kitu. Mteja atatokea leo au atatokea wakati wa Noeli, atatoa bei kamili au atavuta mpaka ubakiwe na uzi tu, yote hayo yako mbele yako na huyaoni. Muda ule kati ya bei unayoijua na bei usiyoijua, ndio kazi yenyewe. Nami kila nikilisoma neno hili husikia ile "entre" yake hapo hapo, katikati ya bei mbili, ingawa waliolitunga hawakuwa wakiwaza vitenge.

Baada ya Cantillon alikuja Jean-Baptiste Say, ambaye katika kitabu chake cha uchumi cha mwaka 1803 alimweleza entrepreneur kama mtu anayekusanya ardhi, mikono na fedha za watu mbalimbali ili kitu kimoja kitoke. Waingereza walihangaika kulipata neno lao. Adam Smith alitumia "undertaker", na ukilikata utaona limejengwa kwa mtindo uleule wa kutwaa na kubeba, kama Kijerumani "Unternehmer". Lakini "undertaker" likaishia kwa watu wa mazishi, na mwaka 1848 John Stuart Mill akasikitika kwamba neno la Kifaransa halijazoeleka masikioni mwa Waingereza. Mwishowe walilichukua kama lilivyo. Ndiyo maana leo Nairobi, Dar es Salaam na Kampala mtu akiandika Kiingereza anaandika neno la Kifaransa pengine bila kujua.

Na hapo ndipo lilipozaliwa kosa la mchoraji wenu, wala si ujinga wake. Waingereza walikopa "entreprise" mapema sana, tangu Zama za Kati, wakaizoea mpaka wakaigeuza kuwa "enterprise", ER badala ya RE. "Entrepreneur" ilikuja baadaye na ikabaki na sura yake ya Kifaransa. Basi ndani ya Kiingereza kuna ndugu wawili wanaoandikwa kwa mpangilio tofauti, na wenye lugha wenyewe huwachanganya. Bukavu bidhaa nyingi zinaingia kutoka upande wa Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania, na kila boksi na kila duka la huko lina neno "Enterprises" limeandikwa kwa herufi kubwa. Jicho la mchoraji limelishwa "enter" miaka mingi. Mkono ukafuata jicho.

Katika Kifaransa ni "entre" daima, mwanzo wa "entreprise", "entreprendre" na wote wa ukoo huo. Mwambie alikate vipande vitatu kabla ya kuchora: ENTRE, PREN, EUSE. Herufi tano, nne, nne, jumla kumi na tatu, na S ya wingi inafanya kumi na nne. Halina aksenti hata moja. Naona vibao vyenye "entrepréneur", é ikiwa imewekwa kama pambo; iondolewe. Na mkifika siku ya kuandika shughuli yenyewe kwenye barua, ni "entrepreneuriat", lenye "eur" yote ndani yake. "Entreprenariat" limeenea hata kwenye mabango ya semina za watu wakubwa, na bado ni kosa.

Sasa tuje kwenye mzozo wenu hasa, wa katibu na binti yako. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa hakuna suala la herufi tu.

Kifaransa kina kanuni ya zamani kwa majina ya watu yanayoishia na -eur. Kama nyuma yake kuna kitenzi kinachoonekana, la mwanamke huishia na -euse. Vendre, vendeur, vendeuse. Coiffer, coiffeur, coiffeuse. Danser, danseur, danseuse. Kipimo chake hakihitaji shule kubwa: ondoa -eur, weka -ant. Likitokea neno linalosemwa na Wafaransa kweli, basi mwanamke ni -euse. Vendant, lipo. Coiffant, lipo. Jaribu sasa "directeur": "directant" hakuna anayelisema, kwa hiyo mwanamke ni directrice, njia nyingine. Jaribu "entrepreneur": "entreprenant". Lipo, tena mnalo kwenye karatasi zenu. Basi mwanamke ni entrepreneuse. Katibu wenu ana kanuni mkononi.

Wala hakuna anayeweza kusema neno hilo limebuniwa juzi na wanaharakati. Kamusi ya Littré, ya karne ya 19, inaliweka -euse bega kwa bega na -eur. Kamusi ya Académie française, chombo cha kulinda lugha ya Kifaransa ambacho hakuna anayekishutumu kwa haraka, nayo imelikubali. Neno lilikuwepo, waliopungua ni watu wa kuliita.

Kwa nini basi wenzenu wanaona linasikika vibaya? Hawakulitunga jambo hilo, nami nimelisikia kwa wanawake wenye shahada zao na ofisi zao. Kuna sababu mbili zinazotajwa. Ya kwanza, Kifaransa kimetumia -euse kwa mashine: tondeuse ya kukata nyasi, perceuse ya kutoboa ukuta, photocopieuse ya kutoa nakala. Ya pili ni chungu zaidi. Baadhi ya majina ya -euse yalisukumwa kwenye maana ya aibu. "Entraîneur" ni kocha wa timu, mtu wa kuheshimiwa; "entraîneuse" likawa jina la mwanamke anayelipwa na baa ili awakalie wateja wanywe zaidi. Kitenzi ni kimoja, ila mwanamume akapewa uwanja na mwanamke akapewa meza ya baa. Aliyezoea kusikia hivyo ataogopa -euse yoyote inayopandishwa juu ya mlango.

Lakini hebu tutazame ni neno gani linaloogopwa. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba "vendeuse" au "coiffeuse" linasikika vibaya. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi aliitwa "directrice" bila shida, na mwanamke huyohuyo akipanda kuongoza idara ya serikali, watu walimwita "Madame le directeur". Maneno ya kike yalikubalika pale kazi ilipokuwa ndogo. Yakaanza "kusikika vibaya" pale mshahara ulipopanda. Nikishaliona hilo, siwezi tena kulichukulia kuwa suala la masikio.

Hiyo -eure ya binti yako nayo ina historia ya heshima. Quebec ndiko walikotangulia kulisukuma jambo hili kiserikali: mwaka 1979 ofisi ya lugha ya huko ilishauri majina ya kazi yapewe umbo la kike. Walipenda -eure, kama professeure na auteure, kwa kufuata maneno ya zamani kama supérieure na prieure. Ubelgiji, nchi iliyotuachia Kifaransa hiki katika maeneo yetu, jumuiya yake ya Kifaransa ilipitisha amri mwaka 1993 kwamba hati za serikali ziandike majina ya kazi ya wanawake kwa umbo la kike. Ufaransa wenyewe walitoa waraka wa waziri mkuu mwaka 1986, haukufuatwa sana, wakatoa mwingine mwaka 1998. Académie ilipinga kwa miaka mingi na kukubali mwezi Februari 2019. Kwa hiyo binti yako akiandika "entrepreneure" katika kazi yake ya chuo, hakuna profesa mwenye haki ya kumkata alama. Uzuri wake ni kwamba linaukwepa ule mkia wa -euse ulioaibishwa.

Tatizo langu nalo ni moja, ni la sauti. Soma kwa nguvu "entrepreneur" halafu "entrepreneure". Ni sauti ileile. E ya mwisho inaonekana kwa macho tu. Kibao kitasomwa na mpita njia, sawa, lakini chama chenu kitatajwa redioni, kanisani, kwenye harusi mliyoshonea sare, na sokoni ambako wengi wanalijua neno kwa sikio kabla ya kulijua kwa jicho. Wote hao hawatamsikia mwanamke. Kwa "entrepreneuse" ile Z ya mwisho inagonga. Lugha zetu husikia sana tofauti hii. Kutoka "chauffeur" tulitoa shofere, na Wanyarwanda wakatoa umushoferi; kutoka "coiffeuse" akina mama wa mjini wanasema kwafeze, na kila mtu anajua ni mwanamke anayesukwa nywele kwake. Nayasikia tayari: huyu ni antreprenere, huyu ni antrepreneze. Kiswahili chetu kimeshachagua kusikia.

Kuna na jambo la sheria, ambalo naliona liko nyuma ya haya yote. Katika Ufaransa ya Napoléon, sheria ya kiraia ya mwaka 1804 ilimfunga mwanamke aliyeolewa asiingie mkataba bila idhini ya mumewe. Mlango mdogo ulioachwa ni wa "marchande publique", mwanamke mwenye biashara yake inayojulikana, ambaye aliweza kujifunga kwa madeni ya biashara hiyo. Kisha sheria ya biashara ya 1807 ikasema hawezi kuwa marchande publique mume asipokubali. Mjane alikuwa huru. Ndiyo sababu mvinyo mmoja maarufu wa shampeni una neno "Veuve", mjane, kwenye chupa yake mpaka leo: Barbe-Nicole Ponsardin alifiwa na mumewe, Clicquot, mwaka 1805, akiwa na miaka ishirini na saba, akaishika biashara na kuikuza mpaka kasri la mfalme wa Urusi. Chupa haimtaji kwa kazi aliyoifanya. Inamtaja kwa msiba uliompa ruhusa ya kuifanya. Wanawake walioolewa nchini Ufaransa walisubiri hadi sheria ya Julai 1965 ndipo waweze kufanya kazi na kufungua akaunti ya benki bila mume kutia sahihi.

Kwenu Kongo, Mama, huna haja nikusimulie. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kwa mikataba inayomfunga kufanya kazi yeye mwenyewe, na wengi wenu mnakumbuka benki zilivyodai karatasi ya bwana. Ibara hiyo ilibadilishwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016, ambayo sasa inazungumzia wanandoa kukubaliana, mke na mume. Tangu mwaka huo hadi leo si miaka mingi. Neno lililoandikwa wazi kwa umbo la kike, juu ya mlango ambao ufunguo wake mnao ninyi, lina uzito ambao mchoraji hawezi kuuona katika penseli yake.

Na sasa "entreprenant". Karatasi zenu zimefuata sheria ya OHADA, ile jumuiya ya nchi za Afrika zilizounganisha sheria zao za biashara, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012. Sheria yake ya biashara kwa jumla, iliyopitishwa Lomé mwezi Desemba 2010, ilibuni hadhi mpya kwa mtu mdogo anayefanya kazi peke yake: biashara, ufundi, kilimo au kazi nyingine. Hadhi hiyo inaitwa "l'entreprenant". Tofauti yake na mfanyabiashara kamili ni kwamba huyu hutoa tamko tu, na amesamehewa kuandikishwa kikamilifu katika daftari la biashara mnaloliita RCCM. Waliotunga sheria walichukua "entreprenant", ambalo lilikuwa sifa, wakaligeuza jina, kusudi litofautiane na "entrepreneur" kwa herufi chache. Nakiri walitutesa sisi wafasiri, maana mara mbili nimeona hati iliyotafsiriwa na mtu mwingine ambamo neno hilo "limesahihishwa" kuwa entrepreneur, na mwenye hati akarudishwa nyumbani kwa sababu hadhi aliyoitaja siyo aliyoandikishwa. Kwa hiyo lihifadhini hivyo hivyo, kwa umbo lake la kiume, kwa kuwa ndivyo sheria ilivyolitaja. Mkitakiwa kujaza fomu inayouliza hadhi yenu, andikeni entreprenant.

Ila lisipande kwenye kibao. Likiwa sifa, "entreprenant" humaanisha mtu shupavu, mwenye kuthubutu, na hiyo ni sifa njema. Lakini lina maana ya pembeni: mtu anayejisogeza mno kwa wa jinsia nyingine. Mwaka wangu wa pili wa kazi hii niliandika katika barua ya kikundi fulani kwamba akina mama hao ni "très entreprenantes". Barua ilisomwa mezani mbele ya wageni, nikaona wanaume wawili wakitazamana. Mwenyekiti, mama wa makamo aliyevaa kitenge cha bluu, hakuelewa kwa nini. Mimi nilielewa, na tangu siku hiyo silitumii kwa mwanamke nje ya hati ya sheria.

Mtauliza pia, kwa kuwa mchoraji ameandika hivyo, kama "Femmes" iwepo mbele. Mkichagua Entrepreneuses haihitajiki. Neno lenyewe limeshasema ni wanawake, na kulirudia ni kama kuandika "akina mama wa kike". Mtaokoa herufi sita na rangi yake. "Femmes" ina kazi pale tu neno linalofuata halionyeshi mwanamke, kama chama cha Ufaransa kilichoanzishwa 1945 kwa jina la Femmes Chefs d'Entreprise. "Femmes d'affaires" nalo ni sahihi, lakini kwa masikio ya wengi linaleta picha ya mtu wa ndege na mkoba, na ninyi mna cherehani. Kama mtu atawapendekezea "Nana Benz", kumbukeni hilo ni la wenyewe: ni akina mama wa Lomé waliotawala biashara ya vitenge vya Uholanzi Afrika Magharibi na kununua Mercedes kwa faida yake. Hata tahajia yake ina somo, kwani Mfaransa husoma "nana" akadhani ni lile neno lake la mtaani la msichana, kumbe kwa watu wa pale Nana ni jina la heshima kwa mama. Biashara yao ilipata pigo kubwa faranga ya CFA ilipopunguzwa thamani Januari 1994, bei ya kitambaa kutoka nje ikapanda kwa usiku mmoja. Cantillon angewatambua mara moja.

Ningependa mstari wa pili uwe wa Kiswahili, maana wateja wenu wengi wanakinunua kitenge kwa Kiswahili. Tanzania na Kenya wanasema "wajasiriamali". Limeungwa kwa jasiri na mali, yote mawili ya asili ya Kiarabu, na mimi naliona limemshinda Mfaransa kwa sababu linataja ujasiri waziwazi pale yeye anapotaja kushika tu. Liandikwe neno moja, bila nafasi katikati, na kwa R: "wajasiliamali" utaliona mahali pengi, nalo ni kosa. Kiswahili hakitofautishi mume na mke, kwa hiyo hapo ndipo "akina mama" inapofanya kazi yake halali: AKINA MAMA WAJASIRIAMALI. Kama mnaona bado halijazoeleka mtaani kwenu, "akina mama wafanyabiashara" kila mtu atalielewa, ila kwa kuwa mnashona, ningeweka "mafundi" humo ndani.

Basi mchoraji afute, apige mistari yake miwili upya, na kabla ya kuchovya brashi azihesabu herufi za penseli kwa kidole: juu, LES ENTREPRENEUSES, kisha jina la mtaa wenu, chini, Kiswahili. Katika lile neno kubwa la juu mtu aseme kwa sauti, E, N, T, R, E, asisikie "enter" popote, na afike kumi na nne. S ya mwisho haisomwi, lakini iwepo. Ninyi ni kumi na wawili.